Gari la Umeme la Mama Lusungu

Zubery alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha duka la vitenge, karibu na soko la Tukuyu, akila ndizi choma na kuwaza leo amsaidie nani kupoteza alichonacho, gari la Mama Lusungu lilipompita kimya kuliko mbu na kumrushia maji ya dimbwi mpaka magotini. Mwingine angetukana. Zubery alikunja suruali akatabasamu. Gari la umeme, jipya, la juu kama yale ya wakubwa wa serikali, na anayeliendesha ni mama wa maparachichi kutoka Kyimo! Riziki, alijisemea, haipigi hodi. Hii haikupiga hata honi.

Habari za gari lile mji mzima ulikuwa nazo, maana Mama Lusungu hakuwa mchoyo wa taarifa. Kwamba kuku hawalisikii mpaka limeshawafikia. Kwamba kiti kinapata joto chenyewe, hata ukishuka kwenye baridi unatembea kama mtu aliyetoka kukaa jikoni. Kwamba mteremko wa kwenda Kyela, badala ya kula chaji, linaongeza. Na kwamba Jumapili umeme ulipokatika, kwaya ilichomeka kinanda na spika kwenye gari, ikaimba mpaka mchungaji akasahau mahubiri yake.

Zubery alimkuta sokoni akipanga matenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ugonile?"

"Nimeamka salama, ila gari lako limeninyima raha."

"Mwe! Limekugonga?"

"Afadhali lingenigonga. Nakuhofia wewe." Akashusha sauti, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Waliokuuzia walikueleza habari ya radi?"

Mama Lusungu akaacha tenga.

"Mambo haya nimeyasomea," alisema Zubery, ambaye alikuwa amesomea kutengeneza simu, tena hakumaliza. "Radi ni umeme wa Mungu. Gari hili ni umeme wa binadamu. Na umeme, mama, hutafuta ndugu yake. Huko Dar hakuna neno, mvua yao ni ya kubahatisha. Lakini hapa Rungwe?"

Wote wawili wakainua macho. Wingu lililokuwa limekaa juu ya mlima tangu asubuhi bila kazi maalumu likanguruma. Maishani mwake Zubery hakuwahi kupata mshirika mwaminifu kiasi kile.

"Yesu wangu!" Mama Lusungu alishika kifua. "Na juzi nimeliendesha kwenye mvua, tena naimba!"

"Neema tu, mama. Neema tu."

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Niliuze?"

"Uuze kifo kwa mtoto wa mwenzio?" Zubery alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Labda apatikane mtaalamu, alichukue, alitoe hiyo hatari. Akuachie gari la dizeli, ambalo radi haina habari nalo."

Macho ya Mama Lusungu yakatembea taratibu mpaka kwenye pikapu nyeupe ya Zubery. Pikapu ile aliachiwa na marehemu baba yake, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Tanga, na ndicho kitu pekee alichowahi kukipata kihalali. Labda ndiyo maana hakuipenda sana.

"Lakini nikikupa, si nitakuwa nimekubebesha kaburi?"

"Mama, wewe ni kama mzazi wangu." Nusura alie kwa uungwana wake mwenyewe.

Mama Lusungu alilia kweli, akajifuta upesi, akaomba kadi ya pikapu na sahihi ya kubadilishana mbele ya mwenye duka la vitenge. "Kadi ya hili bado inashughulikiwa Dar. Magari mapya, unajua tena." Zubery alijua. Isitoshe, wanunuzi aliowafikiria kule Mbeya hawakuwa watu wa kuuliza kadi. "Ndaga fijo, mwanangu," mama alishukuru, akamfungia mlango kwa mikono miwili. Kisha akatoa simu.

Barabarani, jambo lisilotarajiwa likampata Zubery: alipenda. Kiti kilimpasha mgongo taratibu. Mashamba ya chai yalipita kimya, kama ndiyo yanayoendeshwa na yeye amekaa. Kila mlima gari liliupanda bila kuguna. Alipoingia Kyimo alikuwa anatafuta bei ya kuuzia. Alipotoka Kyimo alikuwa anawachukia wanunuzi.

Kiwira alisimama, si kwa haja yoyote, ila kuonekana. Wauza ndizi wakamzunguka.

"Lako hili?"

"Langu," alijibu, na neno likawa tamu mdomoni.

"Linakula kiasi gani?"

"Halili. Unalichomeka kama simu, unalala. Asubuhi limeshiba."

Alikuwa anaeleza habari ya kiti aliposogea dada mmoja mwenye fulana ya buluu, kaka mwenye kamera nyuma yake.

"Habari kaka, naitwa Ummy. Wewe ndiye dereva wa Mama Lusungu?"

Zubery aliitazama fulana. Ilikuwa na nembo ileile iliyokuwa kwenye usukani. Akatazama ng'ambo ya barabara, trafiki alikuwa anachagua parachichi. Katika kazi yake, mtu hujifunza mapema fulana zipi ni za kukubaliana nazo.

"Ndiye," alisema.

"Asante kwa kutuwahi. Mama katupigia, kasema unatuletea hapahapa. Tulimwazima gari ili alijaribu, atuambie linavyokwenda milimani, na muda umeisha."

"Mlimwazima."

"Eeh. Kwani yeye kawaambiaje?" Ummy alicheka. "Hebu na wewe tupe maoni yako kidogo."

Kamera ikawashwa. Zubery akashika boneti, na maneno, ambayo hayakuwahi kumnyima riziki, yakamtoka yenyewe. Alisema gari hili linamfanya mtu ajione ametulia hata kama hajatulia. Alisema ukilizoea, huwezi tena kusikiliza injini nyingine bila kuona unagombezwa. Muuza ndizi mmoja akajifuta macho kwa kanga. Katika maneno yote yale haikuwamo hata chembe ya uongo.

"Madereva wote wangekuwa kama wewe!" Ummy alisema, akamvisha kofia ya kampuni, akachukua funguo. Gari likaondoka. Hakusikia hata likiondoka.

Akapiga simu. "Mama Lusungu! Pikapu yangu!"

"Ipi tena, baba?" Nyuma ya sauti, matenga yalikuwa yanagongana na dizeli ikinguruma.

"Umenipa gari la watu! Nakwenda polisi!"

"Nenda, mwanangu. Waeleze na habari ya radi, waiandike vizuri. Kadi ninayo, na sahihi yako inapendeza." Akalainisha sauti. "Ila mimi si mtu mbaya. Msimu wa maparachichi ukiisha naiuza. Wewe nitakufanyia bei ya ndugu."

Mvua ikaanza. Wauza ndizi wakakimbilia vibandani, Zubery akabaki barabarani na simu sikioni. Alitafuta uongo mmoja tu wa kumjibu mama yule, hata mdogo, akaukosa.

"Ya mwisho shilingi ngapi, mama?" akauliza.