Kiswichi Kisichotii Amri

Jumatatu, 3 Juni

Loh! Nimejipaka sabuni kuanzia utosini hadi unyayoni, maji yakageuka barafu. Nikapiga yowe. Kumbe kiswichi cha hita ya maji, kule kwenye sanduku la umeme ukutani, kimejizima chenyewe. Nikakiwasha. Dakika kumi, tap! Kimejizima tena. Bila kumwuliza mtu!

Mke wangu akasema nimpigie simu kaka yake, fundi umeme. Nikajibu sipendi kumsumbua. Ukweli simtaki shemeji yule. Kila akija huzitazama nyaya zangu, halafu anaguna.

Ila muda hakuna. Mama mkwe anatoka hospitali Ijumaa, nyonga imeungwa kwa vyuma, na daktari ameagiza aoge maji ya moto asubuhi na jioni. Yakikosekana hapa, anakwenda kwa huyo fundi, na mke wangu anamfuata kumwuguza. Miezi miwili! Mimi hata chai huunguza.

Jumanne, 4 Juni

Nimekaa masjala miaka kumi na tisa. Najua dawa ya mtumishi anayeacha kazi ovyo. Nimekiandikia kiswichi onyo, nikalibandika ukutani chini yake: NI MARUFUKU KUJIZIMA BILA IDHINI YA MWENYE NYUMBA. Mke wangu akauliza nani atalisoma. Nikamwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Pia nimekipunguzia mzigo. Friji, runinga, pasi, vyote nje ya soketi. Dakika kumi, tap! Maziwa yameharibika, na onyo limedharauliwa waziwazi.

Jumatano, 5 Juni

Nimekifunga kamba. Ile ya mafaili, kwa fundo la masjala, kisiweze kushuka hata kikitaka. Nikaketi mbele yake kwenye kigoda. Dakika kumi, tap! Kiko palepale juu, kimekazwa barabara, na umeme umekatika! Kinakata ndani kwa ndani! Ofisini ninao wenzangu wawili walio kitini ila hawapo kazini, lakini ujanja huo sikuutegemea kwa kipande cha plastiki.

Mke wangu akauliza, kwa upole wa kutisha, kama nimempigia kaka yake. Nikasema nimempigia mara tatu, hapatikani.

Alhamisi, 6 Juni

Uhamisho! Mtumishi mkaidi unamwachia kiti chake, kazi unaipeleka idara nyingine. Nimeikata hita kwenye laini yake, nikaiunga kwenye laini ya stoo, ya tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, isiyo na kiswichi kinachojifanya kujua mambo. Ukabaki waya mmoja wa kijani na njano. Sikuiona kazi yake. Nikaukata.

Dakika kumi. Ishirini. Saa nzima! Hita inanguruma! Nimekataza mtu kuyagusa maji hadi mama mkwe ayazindue. Mke wangu amenikumbatia koridoni na kusema kumbe ana mume. Shemeji na aendelee kuguna huko aliko.

Ijumaa, 7 Juni



Mama mkwe alifika saa tisa alasiri na mkongojo wake. Akasifu nyumba, akanisifu na mimi, akasema hata mwanawe fundi hana hita inayonguruma namna hii. Kichwa kikavimba. Akaingia bafuni, mke wangu kamshika kiuno. Akanyoosha mkono kufungua bomba.

Sijawahi kusikia ukelele ule. Alirushwa nyuma, mkongojo ukapiga ukuta, mke wangu akamdaka, wakaanguka wote wawili, mama juu. Midomo ya mama ilicheza bila sauti. Mungu wangu! Nilisimama mlangoni na taulo mkononi. Mke wangu ndiye aliyenipigia kelele nizime umeme. Nikazima. Akampigia kaka yake. Alipatikana mlio wa kwanza. Mke wangu akanitazama, sitaki kuandika alivyonitazama.

Shemeji alipofika hakuguna. Hapo ndipo nilipoogopa. Akaifungua hita, akachomoa koili ya kuchemshia maji, akaniwekea kiganjani. Imepasuka. Ilikuwa inavujisha umeme kwenye maji, na kiswichi kilikuwa kinatuokoa tangu Jumatatu. Akauliza nani aliukata waya wa kijani na njano, maana huo ndio unaopeleka umeme wa hatari ardhini. Nikasema sijui. Akaenda kwenye sanduku, akalisoma onyo langu mara mbili.

"Shemeji," akasema, "humu ndani aliyekuwa anafanya kazi ni huyu peke yake, na wewe umemfunga kamba."

Mama ni mzima. Daktari kahakikisha vyuma havijasogea. Nilijifungia chooni nikalia kama mtoto. Nilipotoka walikuwa wameshaondoka, mama na mke wangu, kwenda kwa fundi.

Jumatano, 12 Juni

Siku tano za nyumba tupu na mayai yaliyoungua. Leo nimekwenda kuomba radhi. Nimepiga magoti, kweli, mbele ya shemeji. Mama akasema amenisamehe, ila vidole vyake bado vinanikumbuka.

Hita ina koili mpya na nyaya mpya. Watarudi Jumamosi kwa sharti moja: niape kwamba sitagusa tena hita, kiswichi wala sanduku la umeme. Nimeapa kwa maandishi, nakala mbili, sahihi chini. Nimejifunza. Mimi ni mtu mwingine kabisa.

Kengele ya mlangoni haikutajwa. Nimezisoma nakala zote mbili. Na ile kengele ya betri inalia kinyonge mno, ni aibu kumpokea nayo mama aliyepitia makubwa hivi. Kwa hiyo jioni hii nimetoa betri, nikaiunga moja kwa moja kwenye waya wa taa ya kibarazani. Kitufe ni cha chuma, kinang'aa vizuri. Sijakijaribu. Nataka Jumamosi mama awe wa kwanza kukibonyeza.