Nesi, Fundi Saa na O'clock Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeliona neno leo! Kwenye mlango wa zahanati: nine o'clock. Mimi mchora mabango, herufi ndizo riziki yangu, lakini alama kama ile ya baada ya o, inayoning'inia hewani bila msumari, sijapata kuona. Nilisimama mdomo wazi hadi nesi akaniuliza kama naumwa. Naumwa, ndiyo, ila dawa ni yeye mwenyewe. Tatizo ni fundi saa wa kibanda cha jirani, naye anammezea mate. Masikini, kuzifungua saa anajua, kuziandika kwa Kiingereza ataweza wapi? Nitamwalika nesi nyumbani kwa maandishi yale yale.

Jumatano, 5 Machi
Kadi tayari. Jumamosi, ten o'clock. Saa kumi jioni, jua limepoa. Ile alama nimeipaka rangi ya dhahabu. Dada yangu kaitazama, akaniambia Kiingereza huanza kuhesabu saa katikati ya usiku, kwa hiyo hiyo ni saa nne asubuhi. Nikamjibu kumi ni kumi, hata ukihesabu kwa vidole vya mguu. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi
Hodi saa nne asubuhi! Nesi, kapendeza! Mimi taulo kiunoni, povu hadi kwenye nyusi, nafua shuka. Ardhi ikakataa kupasuka. Akasema amefuata kadi. Akanisaidia kukamua shuka, akacheka hadi machozi. Masaa sita mazima kabla ya wakati! Jamani, mwanamke gani huyu anayependa hivi? Kusubiri jioni kumemshinda.

Jumapili, 16 Machi
Siku ya shangazi wa nesi kuja kunitazama. Kadi yangu: four o'clock. Saa nne asubuhi, kimya. Saa sita, kimya. Saa nane mama akakata tamaa, akawagawia majirani chakula. Fundi saa akala sahani mbili, akanipa pole. Nililia chooni, sifichi. Saa kumi jioni, hodi! Shangazi, na nesi nyuma yake. Shangazi akasema kwao ahadi ni deni, hawajawahi kuchelewa popote. Kuchelewa hivyo na kusema hivyo bila kupepesa jicho! Ukoo mzito huu. Akamuuliza nesi kama ananitaka kweli. Nesi akasema ananitaka, maana hakuna mwingine anayemchekesha hivi. Mungu mkubwa!

Jumanne, 18 Machi
Kadi za harusi nimeandika mwenyewe na zote zimeshagawiwa. Eight o'clock. Saa nane mchana, watu wameshapumzika. Dada kashika kichwa, eti hiyo ni saa mbili asubuhi. Nikamwambia o'clock hii hii ndiyo iliyonipa mke. Kadi ya fundi saa nimempelekea kwa mkono wangu, nimkomoe. Akaisoma mara mbili, akatabasamu, akasema atafika mapema kabisa, suti anaipeleka kwa dobi leo leo. Mpinzani muungwana namna hii sijapata kuona. Mimi siku hiyo nitalala hadi saa nne, niamke na uso wa bwana harusi.