Kidoli Shavuni, Lango Ukutani

Alhamisi, 2 Januari

Nimeamka nikiwa hai. Kahawa ipo. Goti la kushoto limekubali kukunjika. Nashukuru.

Habari mbaya: ukuta unakuja. Mbunge wetu wa jimbo, Mheshimiwa Wade Burkhalter, ameeleza misimamo yake redioni. Niliisikiliza yote, nikamjibu kwa sauti peke yangu jikoni. Jimbo la Texas lilinde mpaka wake lenyewe bila kuingoja serikali kuu. Askari waongezwe mtoni. Waajiri wakague vibali. Anayekuja kihalali akaribishwe kwa heshima. Mengine hayo naweza kubishana nayo kwa kikombe kizima cha kahawa na tukaachana marafiki. Ila la mwisho! Ukuta ufuate mto bila kukatika, wala usiwe na lango hata moja. Lango, alisema, ni tundu lenye bawaba.

Makaburi ya Santa Rufina yako kati ya mto na mahali ukuta utakapopita. Mke wangu, Amparo, amelala humo.

Shemeji yangu Eusebio, kaka yake Amparo, alikuwa askari wa mpaka hadi alipostaafu, na anauunga mkono ukuta huo, kila nondo yake. Hata hivyo wazazi wake nao wamo makaburini humo. Akaniambia nimpigie mbunge simu, nimwombe lango. Nimwombe! Nimesoma historia ya falme tangu nikiwa kijana Havana. Sijakutana na mtawala aliyebadili msimamo kwa kuombwa. Watawala hutegwa.

Nina mtego.

Jumamosi, 4 Januari

Mtego ni mkate. Jumatatu ni sikukuu ya Wafalme, wale Mamajusi watatu, na mbunge atakuja ukumbi wa kanisa kuukata pamoja nasi. Ndani ya mkate hufichwa kidoli cha Mtoto Yesu. Anayekikuta kwenye kipande chake hulazimika kuwalisha wenzake tamale, unga wa mahindi wenye nyama unaofungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Katika mji huu mtu anaweza kukwepa kodi, mahakama na mama mkwe, ila tamale hakwepi. Basi: mbunge apate kidoli, mbunge awe mwenyeji wetu. Mwenyeji hamnyimi mgeni. Nitaliomba lango kati ya tamale ya pili na ya tatu.

Nilikwenda kwa Bi Hortensia, mwokaji wetu. Nikamnong'oneza kwamba kidoli kikae chini ya utepe mwekundu wa matunda ya sukari unaopamba mkate, hapo hapo, si kwingine. Alitaka kuniambia kitu. Nikainua kidole: siri! Akacheka, akanifungia mikate midogo mitatu, akakataa malipo. Mwanamke mwema. Namshukuru.

Eusebio alinishinda domino jioni, akaniuliza kama nimeshapiga simu. Nilitabasamu kama mtu anayejua mambo.

Jumatatu, 6 Januari

Nimefedheheka.

Ukumbi ulijaa. Mbunge ni mrefu, mwenye mikono ya mkulima, na anasikiliza watu akiwa ameinama, jambo ambalo sikulitarajia na lilinikera kidogo. Mkate ulikuwa mkubwa kama gurudumu la trekta. Nilimkatia mimi mwenyewe kipande chenye utepe mwekundu. Akakipokea, akashukuru, kisha akageuka na kumpa Eusebio! Eti kwa heshima ya askari mstaafu.

Adabu! Sikuwa nimeiweka kwenye hesabu.

Nikauma kipande changu ili nifikiri. Jino likagonga kitu kigumu.

Kidoli! Cha pili! Hapo nikaona kule mwisho wa meza mwanamke mmoja wa kwaya ameinua cha tatu, watu wanapiga makofi. Baadaye Bi Hortensia alinieleza kwamba mkate mkubwa hutiwa vidoli vingi, kila mtu anajua hilo, na juzi alitaka kuniambia lakini nilimwinulia kidole. Mimi nimeishi hapa miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na sikujua. Nyumbani mkate wetu ulikuwa mdogo, na kidoli alikuwa akikipata Amparo tu. Kila mwaka! Nilikuwa nikimwonea huruma kwa bahati yake. Bi Hortensia akasema Amparo alikuwa akikitafuta kwa ncha ya kisu kabla hajanikatia kipande, ili mimi nisibebe mzigo wa tamale.

Nimekaa na habari hiyo jioni nzima. Ahsante, Amparo.

Turudi ukumbini. Ningekitoa kidoli, mwenyeji ningekuwa mimi, na mpango wote ungekwenda na maji. Nikafanya wafanyavyo wakwepaji wote wa huku: nikakisukuma shavuni, nikafunga mdomo.

Ndipo mbunge akaja moja kwa moja kwangu. Akanishika bega, akawaambia watu wa magazeti kwamba mzee huyu aliikimbia nchi yake, akaja kwa mlango wa mbele, na anajua thamani ya mpaka. Mlango wa mbele! Nilifika na boti inayovuja, nimelowa hadi kwenye soksi, na askari wa mpaka akanifunika blanketi na kunipashia supu ya kopo. Sikulijua jina lake. Namshukuru hadi leo. Yote hayo nilitaka kuyasema.

"Mzee wangu," mbunge akaniuliza, "una neno lolote na ukuta huu?"

Machozi yakanitoka kwa jitihada. Nikatikisa kichwa.

Kamera zikalia.

Jumatano, 8 Januari

Nimo gazetini, ukurasa wa mbele. Shavu limevimba, macho yamelowa. Maneno chini ya picha: Mkimbizi mkongwe hana neno na ukuta.

Dukani wameniita Bwana Ukuta. Muuza nyama aliniuliza kama ninataka mbavu zenye lango au zisizo na lango. Nilinunua kuku.

Eusebio akaja na supu, kwa kuwa kwenye picha nilionekana mgonjwa. Hakunicheka hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia kwamba baada ya kukuta kidoli chake alimkaribisha mbunge tamale nyumbani kwake siku ya Kandelaria. Alimwambia pia kwamba baada ya kula angependa ampeleke kwenye kaburi la dada yake. Mbunge amekubali.

Nikamuuliza alitumia mbinu gani.

"Nilimwambia hivyo hivyo, shemeji."

Nimemwonea huruma. Hana kipaji cha siasa. Ila mlango ameufungua, nami nitajua la kufanya. Kidoli changu bado ninacho. Nimekiosha.

Jumapili, 2 Februari

Nilifika mapema kumsaidia Eusebio kufunga tamale. Namshukuru kwa kuniamini jikoni mwake. Alipogeuka nikatia kidoli ndani ya tamale moja, nikaifunga fundo mara mbili. Mbunge akikiuma, anadaiwa tena karamu, na safari hii hakuna adabu ya kumwokoa.

Sikuwaza kwamba mvuke hulegeza mafundo. Zilipotoka chunguni, zote zilifanana, nisijue yenye kidoli ni ipi.

Twende makaburini kwanza, mbunge akasema, kabla jua halijawa kali. Tukaenda na chakula kwenye kikapu. Alivua kofia langoni, lile lango dogo la mbao ambalo Amparo alilipaka rangi ya buluu. Akasoma majina yote, taratibu. Eusebio akamwonyesha wazazi wake, kisha dada yake.

"Mheshimiwa, ukuta naukubali," akasema. "Nimelinda mto huu maisha yangu yote. Lakini hawa ni watu wangu. Nitapita wapi?"

Mbunge akasema msimamo wake haujabadilika: ukuta utajengwa, na utakuwa imara. Ila hapa patawekwa lango, na funguo watapewa wenye makaburi. Yeye mwenyewe atalisimamia hilo bungeni, na wenzake wakimcheka kwa yale maneno ya tundu na bawaba, wamcheke. Mama yake naye amezikwa shambani, akasema, na kufika kwake anapita malango mawili.

Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe la jirani yake Amparo, nikila tamale ili nisilie. Nikauma.

Nadhani msomaji wa daftari hili, kama yupo, ameshajua niliuma nini. Safari hii jino lilikwenda nacho.

Mbunge akanigeukia kwa upole mkubwa. Akasema lango litafungwa saa kumi na moja jioni, kama ofisi za jimbo. "Inakufaa, mzee wangu?"

Mdomo ulijaa damu, mahindi na Mtoto Yesu. Nikainamisha kichwa kwa maumivu.

"Basi imepita," akasema, akaniandika kwenye moyo wake kama mtu mwepesi wa kukubali.

Jumanne, 4 Februari

Jino limezikwa miguuni pa Amparo. Kidoli kiko dirishani. Nina mengi ya kushukuru: Eusebio, Bi Hortensia, supu mbili zilizonipitisha maishani, na lango. Lango! Mkakati wangu umefaulu, ingawa kwa njia ndefu kidogo.

Imebaki hiyo saa kumi na moja. Kiangazi, saa hiyo jua la huku bado linakaanga mawe, na Amparo hakupenda kutoka nje kabla halijazama. Ninataka saa tatu usiku.

Nimemwambia Eusebio. Akanipa simu mkononi, namba ya mbunge tayari imeandikwa.

"Mwombe tu, shemeji. Atakubali."

Nilimrudishia simu yake na kumshukuru kwa dhati. Moyo wa dhahabu, lakini wa kumfundisha mambo haya sina muda tena.

Pasaka mbunge atarudi. Hapa siku hiyo watu hupasuliana vichwani maganda ya mayai yaliyojazwa vipande vya karatasi, na aliyepasuliwa hucheka na kuokota karatasi zake. Zangu zitakuwa na maandishi.

Nimeanza kula mayai mawili kila asubuhi. Maganda nayaweka juu ya kabati.