Paundi 130 za Kahawa

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaonja kahawa yangu. Kasema ni maji ya kusuuzia sufuria. Eti mashine yangu haina presha. Yake ina saa ya presha usoni inayoonyesha 9 muda wote. Mke kaongeza lake: Jumapili dada yake anakuja. Kahawa isiponyweka, mashine iende kwa shemeji, maana hapa inajaza meza bure. Nimeitafuta mashine hii miaka miwili. Haiendi popote.

Jumatano, 5 Machi
Hesabu haijawahi kunitupa. Baa 9 za presha ya kahawa, mara 14.5, ni paundi 130 za tairi. Lori kabisa. Na mimi kuziba pancha za malori ndiko kulikonijengea nyumba. Nimeleta geji ya kazini. Fundi bomba kaifunga kwenye mkono wa mashine, pale kahawa inapotokea. Kauliza naweka kahawa au naweka upepo.

Ijumaa, 7 Machi
Geji imesoma 174. Kumbe presha imezidi! Nikafungua kifuniko, nikalegeza skrubu ya valvu. 130 kamili, mshale umetulia. Nikatoa geji, nikapika. Kikombe kimejaa kwa sekunde nane. Maji matupu.
Mama watoto akaniambia, bila hata kuacha kukunja nguo, kwamba hata mpira wa kumwagilia bustani ukiuziba kwa kidole unasukuma. Geji imeziba njia. Kahawa yangu haizibi kitu, nimeisaga kama kokoto. Nisage laini. Nikamwomba asilete maneno penye namba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelifikiria lile la kidole. Kuna ukweli kidogo, ila dawa si kusaga. Dawa ni kushindilia. Nimeishindilia kahawa kwa jeki ya lori. Imekuwa ngumu kama tofali. Mashine imenguruma dakika nzima, halijatoka tone. Maendeleo: jana ilivuja mno.

Jumapili, 9 Machi
Wageni sebuleni, mimi jikoni na tofali langu. Shemeji akachungulia, akaniuliza kwa upole kama nahitaji spana. Mke akanisogeza kando kwa kiuno. Akalikwangua tofali, akasaga kahawa nyingine laini, akaikandamiza kwa kitako cha glasi. Ikatoka nzito, inateleza kama asali. Dada mtu akaomba cha pili. Shemeji mwenyewe akakiri mashine ni nzima. Mke akatangaza inabaki.
Kila mtu kamsifu mke. Hakuna aliyeitaja skrubu yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Kama 130 imeleta sifa zote zile, 200 italeta nini? Mke alipotoka kwenda kazini, nikakaza skrubu mizunguko miwili. Kitu kikalia ndani, pakalowa mpaka ukutani. Mke akarudi mchana, akatazama ukuta, akapiga simu moja. Shemeji kaja kuibeba mashine kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kasema ni mpira tu umepasuka, atabadilisha. Nikamwomba niwe nakwenda kuipima kila Jumatano. Kasema Jumatano hayupo. Alhamisi pia.
Sasa nimebaki na birika la chai. Mvuke unakipigapiga kifuniko, lakini kwa macho tu sidhani kama unafika hata paundi 2. Mdomo wake una upana wa kuingia geji.