Fungate Yangu Dhidi ya Dunia Nzima

Jumatatu, 19 Januari 2026

Nimeoa! Bado naamka nikiwa siamini. Nasima wangu! Mwezi uliopita tulikuwa kwao Jang'ombe kwenye fungate, mlango umefungwa, asumini kwenye mto, Bi Riyama kungwi wake akituletea mkate wa kumimina na kutufukiza udi mpaka macho yanatoka machozi. Nasima alikuwa akinitazama mimi tu. Siku zile!

Sasa tuko Mkunazini, chumba cha juu, na kila jioni anaitazama kompyuta. Anasomea shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa, kwa mtandao, chuo kiko ng'ambo. Ameniambia utandawazi umeifanya dunia kuwa kijiji. Nikamjibu kwamba katika kijiji hicho mimi sijapewa hata mkeka. Akacheka. Meno yale!

Nimechungulia kitabu chake. Nimeishia kidato cha nne, lakini si mjinga. Kuna kitu kinaitwa nguvu laini: unapata unachotaka kwa kuvutia, bila kulazimisha. Ni mimi huyo!

Jumanne, 20 Januari

Nimenunua vikuba vya asumini, vile vishada vya maharusi, sokoni Darajani, nikavitundika juu ya kompyuta yake darasa likiendelea. Kumbe kamera iko hapo hapo. Wenzake wa nchi zote wakauliza kama Zanzibar umeme umekatika. Mwatum, dada yake, aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umeiziba macho dunia nzima!"

Alhamisi, 22 Januari

Yuko mwanafunzi mwenzake, Wakil, anaishi Maskati. Leo nimemsikia akimwambia Nasima kwamba hoja yake ni nzito. Nzito! Kabati la harusi nililipandisha ngazi hizi mwenyewe, hakuna aliyeniambia neno.

Nikaweka vikwazo. Simsemeshi, sili chakula chake. Akapika biriani. Nikashikilia msimamo. Magharibi ilipoadhiniwa nikaondoa vikwazo bila masharti, nikala sahani mbili. Nasima alikuwa hana habari yoyote. Alidhani nimefunga sunna ya Alhamisi. Akanipongeza!

Jumamosi, 24 Januari

Dola ndogo hutafuta mshirika mkubwa. Kitabu kinasema. Nimekwenda kwa Bi Riyama. Shikamoo, marahaba. Nikamlilia kwamba fungate yangu imepotea. Akanisikitikia, akasema kesho jioni atakuja kuirudisha.

Narudi nyumbani, Nasima ananikumbatia. Kesho jioni anawasilisha kazi yake mbele ya darasa! Akifaulu anapata mapumziko, tunakwenda Matemwe, sisi wawili, fungate ya pili. Akishindwa, anarudia muhula mzima.

Nimempigia simu Bi Riyama. Imezimwa. Anapochanganya udi hataki kelele.

Jumapili, 25 Januari

Nasima alikuwa akiwasilisha, ndiyo kwanza amefika kwenye mizani ya nguvu. Mara vigelegele ngazini! Bi Riyama, chetezo cha udi mkononi, moshi umemtangulia. Nikasimama mlangoni. Jaribu wewe kumzuia kungwi mwenye chetezo! Akaniambia, "Nipishe, mwanangu. Si uliniita mwenyewe?" Nasima akasikia.

Kungwi akishaingia na udi, maharusi hukaa kitako na shughuli nyingine zote husimama. Ndivyo tulivyolelewa. Nasima hakuthubutu kumpa mgongo. Bi Riyama akaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika sufuria ya wali. Tukafukizwa. Harufu ile ile! Nikatokwa na machozi ya furaha.

Nasima naye alilia. Si ya furaha.

Jumanne, 27 Januari

Mwalimu amemhurumia. Atawasilisha tena Ijumaa, na hiyo ndiyo ya mwisho. Amehamia kwao Jang'ombe mpaka amalize. Amesema ananipenda sana, lakini nisikanyage. Mto wake bado unanukia asumini. Nimeukumbatia tangu asubuhi.

Nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Mshirika mmoja hatoshi. Wakubwa wa dunia huunda muungano! Kwa hiyo nimekodi beni, wale wale waliopiga kwenye harusi yetu. Sitakanyaga ndani, nimeahidi. Tutasimama chini ya dirisha lake Ijumaa, saa ya darasa, tarumbeta zote pamoja na ngoma kubwa, ili apate moyo.

Atafurahi huyo!