Mbuzi Aliyeitwa Hedwiga

Jumatatu, 12 Mei 2025

Klabu ya kompyuta ya chuo inatafuta mwenyekiti. Ni mimi au Asheri. Atachaguliwa mwenye mchezo bora wa kompyuta wa kufundishia watoto, na yeye tayari ana wa herufi. Mimi Ijumaa natakiwa kuonyesha mchezo wa hesabu, niliotengeneza mwenyewe, mbele ya darasa la kwanza la Mwalimu Beatha hapa Same. Nimemwambia uko tayari. Sina mchezo.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata! Hedwiga wa mwaka wa tatu, aliyeko Moshi kwa mafunzo ya kazi, ameweka mchezo wake mtandaoni. Programu huria, bure kabisa. Mbuzi anapanda Milima ya Upare; kila jibu sahihi, hatua moja juu. Nikafuta jina lake kila mahali, nikaandika Rodrick. Mbuzi mweupe sasa ni kahawia. Kazi nzito! Nimeifanyia maktabani, sauti nimezima nisije nikafukuzwa.

Jumatano, 14 Mei

Nimetuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Picha yangu kubwa kuliko ya mbuzi. Mama ameshaiambia kwaya nzima. Asheri kanipa mkono bila kutabasamu. Raha iliyoje!

Ijumaa, 16 Mei

Mungu wangu. Watoto arobaini, kompyuta moja, spika ya shule. Mtoto wa kwanza akajibu saba. Sahihi! Spika ikapaza sauti ya kike: "Safi sana! Dada Hedwiga anakupongeza!"

Kumbe mchezo unaongea! Mwalimu Beatha akauliza Hedwiga ni nani. Nikasema ni jina la mbuzi. Darasa zima likapokea: "Dada Hedwiga! Dada Hedwiga!"

"Abee!" mtu akaitika mlangoni.

Ni yeye. Kumbe naye yumo kwenye kundi; ameona tangazo, akapanda basi la asubuhi kutoka Moshi. Nikaona nimefukuzwa chuo, nikamwona mama mbele ya kwaya. Nikakiri yote palepale, kwa sauti ndogo.

Hedwiga akacheka mpaka akashika meza. Akasema mchezo ni wa wote: chukua, badilisha, gawa, ila jina la aliyetengeneza usilifute. Akauliza mimi nimeongeza nini. Nikasema rangi. Akarudisha jina lake, chini akaandika: "Rangi ya mbuzi: Rodrick." Adhabu ya Mwalimu Beatha ni kupanga madawati. Madawati tu! Nimerudi nyumbani naimba. Uenyekiti kapata Asheri. Na aupate!

Jumapili, 18 Mei

Mama hana neno. Anasema jina la mwanawe limo ndani ya kompyuta, inatosha. Nimelala kama mtoto mchanga.

Leo nimepata mchezo mwingine, wa kusoma. Wameutengeneza wanafunzi wa Finland, na sijawahi kuona Mfini akipita Same. Nimeshamwahidi Mwalimu Beatha kuuleta Ijumaa, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Maneno yote ni ya Kifini. Watoto watazoea.