Betri ya Marehemu Inauzwa Kando

Nghiem Van Khoat,
Jengo la Tatu, ghorofa ya nne,
Hanoi.

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Pikipiki za Umeme Upepo Mtamu,
Hanoi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: BETRI YA BABA YANGU MZAZI, AMBAYE NI MAREHEMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua kinashtua. Naomba usiikunje barua hii kabla ya kufika mwisho, maana nimeiandika nikiwa na akili zangu timamu, na mke wangu ni shahidi.

Mimi ni mteja wenu wa miezi kumi na moja. Kazi yangu ni kubeba abiria kwa pikipiki, umri wangu miaka hamsini na saba, na nilinunua kwenu ile ya rangi ya majani machanga ya mpunga baada ya kusikia kwamba za petroli zitazuiwa kuingia katikati ya mji. Naishi na mke wangu Lieu na mama yangu mzazi, Bi Nhan, mwenye miaka themanini na tatu. Miguu yake iligoma baada ya Tet, mwaka mpya wetu, na mwezi wa sita tumbo nalo likagoma. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachopenda. Alichopenda ni kuugeukia ukuta. Kwa sasa mama anamsubiri baba aje amchukue, na baba hawezi kuja kwa sababu yenu. Nitaeleza kwa utaratibu.

1. Kuhusu kuchaji. Siku ya kununua, kijana wenu aliyevaa tai aliniambia, "Mzee, unachomeka tu kama feni." Sawa. Nilipofika nyumbani nikakuta Bi Thoa, mkuu wa mtaa wetu, amebandika tangazo chini ya ngazi: ni marufuku kuchaji hapa, jengo ni la zamani, litashika moto. Nikasema haki yake. Nikaanza kuipandisha betri ghorofa nne, kilo kumi na nane, nikihema kama mvukuto. Wiki ya pili kipaza sauti cha mtaa kikatangaza kwamba ni marufuku kuchaji ndani ya vyumba pia. Jamani, chini hapana, juu hapana, nichaji wapi, kwapani?

Ikabidi niwe naiviringisha betri kwa blanketi na kuipakata kama mtoto mchanga. Bi Thoa akanikuta ngazini. "Hongera kaka Khoat! Mjukuu huyo?" Nikamjibu ndiyo, amelala. Akachungulia. "Mbona ana waya?" Nikasema ni mgonjwa. Mpaka leo huniuliza hali ya mtoto kila tunapopishana, huku amenikazia jicho. Mtu mzima nadanganya ngazini kwa ajili ya betri!

Na kwa taarifa yako, soketi pekee ya kwetu isiyotoa cheche ni ile ya meza ya mababu, inayowasha taa mbili nyekundu mbele ya picha ya baba. Kwa hiyo betri yenu huchajiwa hapo, chini ya pua ya baba, kati ya ndizi na udi. Mama huiona kutoka kitandani kwake. Lishike hilo, nitalirudia.

2. Kuhusu betri yenyewe. Mliandika kilomita themanini kwa chaji moja. Sikatai, pengine zipo, ila lazima dereva awe amekonda, abiria awe amebaki kwao na barabara yote iwe mteremko. Siku sita kabla ya Tet nilimbeba bwana mmoja aliyekumbatia mti wa malimau ya mapambo, na chungu chake, na udongo wake. Katikati ya daraja la Mto Mwekundu pikipiki ikasema "tii" ikanyamaza. Tukashuka. Mimi nasukuma pikipiki, yeye kabeba mti kichwani, nyuma yetu honi mpaka masikio yanauma. Akaniuliza, "Kaka, nikulipe nauli au unilipe ujira wa upagazi?" Mti ulifika kwake na malimau manne. Mwaka mpya na malimau manne, Ndugu Mkurugenzi! Bahati ya mwaka mzima ya mwanamume yule imetawanyika darajani kwa sababu yenu, na mimi ndiye niliyetukanwa.

3. Kuhusu kile mnachokiita kuboresha. Nilipiga simu. Binti wa simu, ana sauti nzuri sana, sina ugomvi naye, akaniambia, "Mpendwa mteja, betri yako ni ya kizazi cha kwanza. Vituo vyetu vipya vinapokea kizazi cha pili." Nikamwambia binti yangu, pikipiki hii haijatimiza mwaka, hata jino halijaota. Akasema naweza kuboresha: ninunue betri mpya, na kikalio cha betri, na chaja, na nilipie ada ya kuifahamisha pikipiki kwamba imeboreshwa. Nikauliza kitakachobaki cha zamani ni nini. Akafikiri. Akasema, "Vioo, mzee."

Kwetu sisi mama ndiye kizazi cha kwanza, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bakuli letu jipya halipokei kijiko chake.

4. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Lingekuwa la kwanza, ila Lieu alinisihi nisifungue barua kwa wafu.

Baba yangu, marehemu Nghiem Van Doai, alikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na moja, kwa baiskeli, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja, mafuriko yawepo yasiwepo. Alikufa akiitamani pikipiki. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza ulipotimia tulimchomea ya karatasi, ya petroli, nzuri, na kofia yake ngumu. Moshi humfikishia marehemu kila kilichochomwa, tukajua mzee kastarehe.

Mwaka huu mama, ameugeukia ukuta vilevile, akasikia kipaza sauti kikizungumzia habari za petroli. Akaniita. "We Khoat, na baba yako je? Huko aliko wakimkamata?" Nikamwambia mama, huko hakuna askari wa barabarani. Akanisonya. "Wote wale waliokufa wameacha kazi?" Akanionyesha kwa kidevu betri yenu chini ya picha. "Wewe unajichajia hapo mbele ya uso wake, yeye anameza mate. Mtumie ya umeme."

Basi mwezi wa saba ulipopevuka, siku ambayo kila mtu huwatumia wafu wake mahitaji, nikaenda mtaa wa wauza karatasi. Dada muuzaji akanitolea pikipiki ya karatasi, rangi yenu, nembo yenu, hata maandishi ya kilomita themanini yapo. Nilipotoa pesa akasema, "Betri inauzwa kando, kaka."

Hapo, naungama, nilikasirika. Nyinyi mmenikamua mwaka mzima, na sasa hata ya kuchoma betri inauzwa kando? Nikasema potelea mbali, karatasi ni karatasi, baba atajua la kufanya. Nikabeba pikipiki nikaondoka. Hilo ndilo kosa langu pekee katika barua hii yote, na nalo mmelisababisha nyinyi.

Tuliichoma mbele ya jengo kwenye ndoo ya bati, pamoja na noti za kuzimu. Mama aliniagiza nimwambie baba kwa sauti: "Baba, ile ya petroli irudishe, imepigwa marufuku." Nikasema, watu wote wakisikia. Na baba alikuwa mtumishi wa umma. Akiambiwa rudisha, anarudisha siku hiyohiyo na kudai risiti.

Siku tatu baadaye mama alisinzia baada ya chakula cha mchana, akaamka anang'aka. Amemwona baba kando ya barabara, kofia kichwani, anabonyeza kitufe, anabonyeza tena. Baba kamwambia, "Nhan, ningekuwa nimeshafika kukuchukua, ila hiki kidude ulichonitumia hakiwaki." Ya petroli kesharudisha. Kumbe mwanamume ambaye hakuwahi kuchelewa katika maisha yake amekwama kuzimu, anasukuma pikipiki!

Nikakimbia kwa dada muuzaji kununua betri. Akanitazama kwa huruma. "Ile yako ni ya kizazi cha kwanza, kaka. Hawatengenezi tena. Sasa hivi inabidi ubadilishe pikipiki nzima." Ndugu Mkurugenzi, nilikaa juu ya ndoo yake nikacheka mpaka akaniletea maji. Mmewafundisha hata wauza karatasi.

5. Kuhusu hasara niliyopata. Tangu ndoto ile mama ameacha kuutazama ukuta. Anatazama mlango. Amefungasha kifurushi: blauzi ya kahawia, kitambaa cha kichwa, kijaluba cha tambuu. Nilimwambia baba anaweza kuja hata kwa miguu. Akasema, "Na mimi nikakae wapi, begani? Sipandi kitu cha mtu mwingine. Namsubiri mume wangu." Kisha akadai uji, kwa sababu, anasema, mtu asiye na nguvu hawezi kujishikilia nyuma ya pikipiki.

Sasa anakula bakuli mbili asubuhi na moja jioni, na samaki. Amemwita Bi Thoa wacheze karata ili muda usogee, na anamwibia. Kila asubuhi ananiuliza, "Wamejibu?" Nikisema bado, ananitukana mimi, anawatukana nyinyi, anamtukana na kijana mwenye tai, kisha anacheka hadi anakohoa. Jana alimwambia Lieu kwamba mchuzi wake hauna chumvi. Miezi miwili mama hakuwa ameonja kitu, na sasa analaumu chumvi! Lieu alitoka nje akalia. Gharama zote hizi za uji, samaki na machozi nawadai nyinyi.

6. Kuhusu huduma yenu. Nilipiga simu tena. Binti akauliza pikipiki iko eneo gani. Nikasema ng'ambo. Akauliza wilaya gani. Nikasema haina haja ya kuharakisha kujua, binti yangu, sote tutafika. Akaandika. Akasema fundi atafika ndani ya siku tatu hadi tano za kazi, ila mteja mwenyewe awepo na kitambulisho. Kisha akaniomba nimpe nyota. Nilimpa tano, kwa sababu aliandika.

Hiyo ni wiki ya nne sasa. Kwa heshima na taadhima, nadai yafuatayo: betri moja ya kizazi cha kwanza, imfikie baba ikiwa na chaji kamili; kituo cha kuchajia huko aliko, maana wateja wenu wa kule wanaongezeka kila siku na hawahami; na barua ya kuomba radhi, isomwe na mtu mwenye sauti ya kueleweka mbele ya picha yake. Nataka jibu ndani ya siku saba. Mama ameshavaa.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kampuni, hasa binti wa simu. Msimfukuze, hana kosa. Nisalimie kijana mwenye tai. Fundi naye, akifika kwa baba kabla yangu, ampe salamu, na asimkosoe jinsi anavyoendesha.

Wako ninayesukuma,

Nghiem Van Khoat

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeimaliza hapo juu. Leo mchana dada muuza karatasi amenipigia simu. Alipokuwa akipanga mizigo ya zamani ameikuta moja, ya kizazi cha kwanza, imebanwa nyuma ya majumba ya karatasi. Ndiyo ya mwisho. Nimekwenda mbio nimeinunua, asije akamuuzia mtu mwingine. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na uzito wake haufiki hata wa barua hii. Kiberiti kiko mezani. Ingechukua nusu dakika.

Nimeificha chini ya kiti cha pikipiki.

Kwa hiyo nafuta madai yangu yote. Barua lazima niitume, kwa kuwa mama ni mke wa tarishi, ataomba kuiona risiti ya posta na muhuri wake. Lakini nakuomba, Ndugu Mkurugenzi, msijibu. Fanyeni kama mlivyozoea. Ipelekeni idara nyingine, nao waipoteze, binti aniambie siku tatu hadi tano, na zikiisha aniambie tena. Najua siku itafika ambapo mama atachoka kweli, na siku hiyo nitaichoma kwa mkono wangu, baba hatachelewa. Ila si mwezi huu. Mwezi huu ameniambia anataka samaki wa kukaanga.